Soma Chuma, Usisome Boksi

Maneno ya fundi wa matrekta kwa wamiliki na madereva, Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, mwishoni mwa Agosti

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Kina mama wenye matrekta yenu, maana siku hizi mmekuwa wengi na mnamlipa fundi kwa wakati kuliko wanaume, habari za nyumbani. Na nyinyi madereva mliojibanza kule nyuma kwenye kivuli, sogeeni. Haya maneno yanawahusu zaidi ya yanavyowahusu matajiri wenu.

Mwenyekiti alinipigia simu wiki iliyopita. Akasema, "Fundi, njoo uwaeleze watu jinsi wakala wanavyotuibia kwenye spea na oili." Nikamwambia nitakuja. Hilo la kuibiwa nitalifikia, ila naomba mnivumilie, kwa sababu huenda mwizi mwenyewe msimkute mahali mnapomtafuta.

Kwanza nitawasimulia nilivyopigwa mimi. Ilikuwa Julai, mahindi yako uwanjani, mashine ya kupukuchulia inazungushwa na trekta langu usiku na mchana. Beringi ya shafti ya nyuma, ile ya PTO inayozungusha mashine, ikaanza kulia. Mnaujua ule mlio, kama mtu anasaga changarawe kwenye meno. Nikazima. Wateja wamesimama na magunia yao, lori limekwishafika kuchukua mzigo, kila mtu ananitazama mimi. Nikapanda basi hadi mjini kwa wakala wa trekta lile, simtaji jina, nikampa namba ya kwenye kitabu. Kijana akaingia ndani, akarudi na kiboksi kizuri chenye rangi ya kampuni na stika inayong'aa. Shilingi 185,000. Nikalipa bila kupumua, nikarudi, saa nne usiku mashine ikaendelea.

Asubuhi yake ndipo nikapata akili ya kuisafisha ile beringi mbovu kwa dizeli na kuiangalia vizuri kwenye mwanga. Ubavuni ilikuwa imechongwa jina la kiwanda cha beringi, si kiwanda cha matrekta, na namba: 6208. Mwezi uliofuata nikawa Dar es Salaam kwa msiba. Nikapitia Kariakoo, mtaa wa Gerezani, nikaulizia 6208 ya kiwanda kile kile. Shilingi 32,000, ndani ya boksi la kiwanda chenyewe. Chuma kile kile, ndugu zangu. Nilikuwa nimenunua kiboksi cha rangi kwa laki na nusu.

Wengine hapa wanacheka, lakini ngoja niwaulize. Nani kati yenu anajua 6208 maana yake nini? Si namba ya bahati nasibu. Ile 6 ya mbele inasema ni beringi ya gololi. Inayofuata, 2, inaeleza ukubwa wa umbo lake. Mbili za mwisho, 08, zidisha kwa tano: milimita 40. Huo ndio upana wa tundu, yaani unene wa shafti inayoingia hapo. 6207 ni shafti ya milimita 35, 6210 ni ya 50. Dunia nzima ni hivyo, awe Mjapani, Mjerumani au Mhindi aliyeitengeneza. Baada ya namba huwa kuna herufi, na hapo ndipo wengi mnapoteleza. 2RS ni kwamba ina mfuniko wa mpira pande zote mbili, vumbi haliingii. ZZ ni mfuniko wa bati. C3 ni kwamba gololi zimeachiwa nafasi kidogo zaidi, kwa sehemu inayopata joto. Ukiambiwa "hii ni 6208 lakini haina C3, ni sawa tu," usikubali. Si sawa tu.

Sili za oili nazo hivyo hivyo. Ubavuni kuna namba tatu, kwa mfano 45-65-10. Unene wa shafti, upana wa tundu inamokaa, na kina chake. Mwenye kaliba mkononi anaweza kuipima hata kama maandishi yamefutika. Lakini sisi tunafanyaje? Tunaingia dukani tunasema, "Nipe sili ya Massey." Massey ipi? Ya wapi? Muuza duka naye anakuangalia, anaona viatu vyako vina tope la shambani, anajua trekta limelala huko, na bei inapanda kabla hajafungua kabati. Ile namba ikiwa mfukoni mwako hata yeye anabadilika, anajua huyu kashika kitu.

Sasa njoo kwenye filta. Hizi tatu zilizo mezani nimezikata kwa msumeno wa chuma jana jioni, mke wangu ni shahidi, alikasirika kwa sababu nilitumia meza yake. Hii ya kwanza nimeinunua kwa wakala. Ya pili ni ya kampuni inayotengeneza filta tu, haitengenezi trekta. Ya tatu imeuzwa pale stendi, na boksi lake linafanana na la ile ya kwanza kama pacha.

Pitisheni kwa mikono, msiogope, oili yake nimeimimina. Angalieni mikunjo ya karatasi. Ya kwanza na ya pili mikunjo imebanana na imesimama sawasawa, gundi imezunguka kote. Zote mbili zina kile kiraba chembamba chini kinachozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa, ili asubuhi ukiwasha, oili ifike juu mara moja. Zote zina springi ya vali, ambayo filta ikiziba oili inapata njia ya pembeni badala ya injini kukauka. Mimi siwezi kuzitofautisha, na nimefanya kazi hii miaka 36. Sababu ni moja. Kampuni nyingi za matrekta hazina kiwanda cha filta. Zinanunua kwa watengenezaji wa filta, zinapiga rangi yao na namba yao. MANN, Donaldson, Fleetguard, Baldwin, haya ni majina ambayo mkiyaona msiyaite feki kwa sababu tu si jina lililo kwenye boneti ya trekta lako.

Hii ya tatu sasa. Mikunjo mtu anaweza kuihesabu kwa vidole. Kiraba hakuna. Gundi imeachia upande mmoja, oili inapita hapo pembeni na uchafu wake wote, karatasi inabaki safi kama daftari la mtoto mtoro. Mwenye trekta atafurahi: "Filta yangu haichafuki!" Haichafuki kwa sababu haichuji.

Kwa hiyo wale wanaosema "mimi nanunua ya wakala tu kwa sababu nje kote ni feki" wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo wanailipia sana. Feki zipo, na FCC, tume ya ushindani, na TBS, shirika la viwango, kila mara wanazikamata. Lakini kati ya bei ya wakala na takataka ya stendi kuna barabara pana katikati, na sisi hatuipiti kwa sababu hatujui namba. Madereva wa Massey za zamani, filta ya dizeli ile ya CAV 296 mnaifahamu. Iko kwenye Massey, iko kwenye Ford za zamani, iko kwenye majenereta. Ukiitafuta kwa jina la trekta, inakuwa spea ya trekta na bei yake ni ya trekta. Ukiitafuta kama 296, inakuwa filta.

Na injini vile vile. Massey 135 na 240 zote zina injini ya Perkins AD3.152. Tatu ni silinda tatu, 152 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, kama lita mbili na nusu. Ukienda na jina hilo, unanunua spea za Perkins, ambazo zinatoka Uingereza, India, Uturuki, Pakistani. Pakistani mpaka leo pale Lahore wanatengeneza Massey 240, kwa hiyo spea za lile trekta mnaloliita la zamani hazijazeeka hata kidogo. Andikeni jina la injini na namba yake, iliyogongwa kwenye bloku. Nimekuta mtu kalimiliki trekta miaka 11, siku ya kununua pistoni ananipigia simu kuuliza, "Fundi, hivi trekta langu ni injini gani?"

Nije kwenye oili, na hapa nitasema polepole, maana nimewahi kuua trekta la mtu.

Kwenye dumu la oili ya injini kuna maneno mawili ya kutafuta. La kwanza ni uzito, 15W-40 kwa hali yetu hii inatosha. La pili ni herufi za API, alama ya daraja la oili, na hizi ndizo watu hawazisomi. Ikianza na S ni ya petroli. Ikianza na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata, kadiri inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya karibuni zaidi: CD ni ya 1955, CF-4 ya 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002. Massey 135 lilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1964. Piga hesabu mwenyewe. Oili yoyote ya kampuni inayojulikana yenye CH-4 ni bora kuliko ile iliyokuwepo siku trekta hilo linazaliwa. Sasa mtu mwenye 135 anapoambiwa ni lazima anunue oili yenye jina la trekta kwenye dumu, na ndoo ya lita 20 inamzidi kwa elfu tisini au laki, aulize tu: API yake ni ipi? Kama ni ile ile, basi ananunua rangi ya ndoo.

Oili ya gia na haidroliki ni habari nyingine. Mwaka 2006 nililetewa trekta lenye breki zinazokaa ndani ya oili, kama yalivyo matrekta mengi ya kisasa. Kitabu kilitaka oili ya trekta, ile inayoitwa UTTO, zaidi ya lita 40, na kwa wakala bei yake ilikuwa ya kutisha. Mimi na ujuzi wangu nikamwambia mwenye trekta, "Tajiri, tuweke tisini, ile ya difu, GL-5. Ni nzito, gia zitafurahi." Tukaweka. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili, akikanyaga breki, trekta linanguruma kama ng'ombe aliyefungiwa. Wiki ya nne, breki hakuna, na pampu ya haidroliki asubuhi inalia mpaka ipate moto. Tulipofungua, zile diski za breki zilikuwa zimebanduka ngozi yake, vipande vimezagaa ndani ya hauzing nzima. Oili ile ile inayopoza gia ndiyo inayoogesha breki na ndiyo inayosukumwa na pampu kuinua plau. Ni oili moja yenye kazi tatu, na ile tisini inajua kazi moja tu. Niliuza ng'ombe wawili kumlipa. Mwenye trekta yupo hapa leo, ananicheka. Alinisamehe, ila kila akiniona na dumu mkononi anauliza limeandikwa nini.

Kwa hiyo kwenye oili ya namna hiyo, usitafute rahisi, tafuta namba. Nyuma ya dumu kuna maandishi madogo, vaa miwani. Massey wanaandika M1135 au M1143. John Deere J20C. New Holland MAT 3525. Ford za zamani M2C134-D. Kitabu chako kinasema ipi, dumu nalo liseme hiyo hiyo. Kampuni kubwa za mafuta zinatengeneza dumu moja linalotimiza hizo zote, na mara nyingi bei yake iko chini ya lile la wakala. Lakini kama dumu limeandikwa tu "Tractor Oil" kwa herufi kubwa na picha ya trekta jekundu, na nyuma hakuna namba hata moja, hilo liache hapo hapo kwenye rafu.

Kuna vitu viwili ambavyo havina bei kabisa na ndivyo vinaua injini zetu kuliko spea feki. Maji na vumbi. Maji ya visima vyetu vingi hapa yana chumvi, kila mtu anajua, chai yenyewe inakataa. Ukiyatia kwenye radieta yanaacha gamba jeupe ndani ya bloku, injini inachemka, gasketi ya kichwa inakwenda, na gasketi hiyo ndiyo utakwenda kulia nayo kwa wakala. Kinga maji ya mvua, weka dumu mbili pembeni, changanya na kulanti. Na wale wenye filta ya hewa ya karatasi, naomba kwa heshima yote, acheni kuigonga kwenye tairi. Nimewaona. Ukiigonga unaipasua, na vumbi la Kongwa likiingia kwenye silinda ni msasa. Ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, ikishindikana ibadilishe. Wenye Massey za zamani zenye bakuli la oili, nyinyi mna neema, ni kufungua, kumwaga tope, kuosha kwa dizeli, kuweka oili mpya. Lakini mara ya mwisho umefungua lini?

Sasa niseme jambo ambalo mwenyekiti hatalipenda. Niliwahi kukaa upande wa pili wa kaunta, miaka miwili, stoo ya wakala mmoja Dar es Salaam. Kwenye rafu kulikuwa na gia za difu ambazo nilizikuta na nikaziacha. Miaka miwili hakuna aliyeziuliza. Zilinunuliwa kwa dola, kwa mkopo, na mwenye duka anazilipia riba zikiwa zimelala. Siku ukizihitaji wewe utamkuta anazo, na mwenye duka la Gerezani hatakuwa nazo, kwa sababu yeye anaweka vinavyotoka kila siku tu. Filta na oili za wakala zinabeba mzigo wa ile gia iliyolala. Mwaka 2023 dola ilipokuwa adimu niliona bei zikibadilika ndani ya wiki, na wakala mwenyewe alikuwa akihangaika. Simtetei. Ninasema tu bei ile ina sababu, na si yote ni roho mbaya.

Mwizi ni nani basi? Nilichukua daftari langu nikapiga hesabu ya sevisi moja ya trekta la silinda tatu, ile ya kila saa 250. Wakala kutuma gari na fundi kutoka mjini, filta zote, oili, ufundi na safari: shilingi 780,000. Mimi mwenyewe kwa filta za kampuni ya filta na oili ya CH-4: 260,000. Tofauti 520,000. Ni hela nyingi, sikatai. Lakini kwenye saa 250 trekta hilo linalima kama ekari 200. Gawanya: shilingi 2,600 kwa ekari. Sasa weka upande wa pili trekta lililosimama Desemba, mvua imeshaanguka, unatoza 50,000 kwa ekari na kwa siku unalima nane. Siku mbili tu ukisubiri spea kwenye basi, ni 800,000 zimeondoka. Toa dizeli na posho ya dereva, bado imekula sehemu kubwa ya ile tofauti. Na mteja naye hakusubiri, amekwenda kwa jirani, na mwakani ataanzia kwa jirani.

Mwizi ndiye huyu: tunanunua tukiwa tumekabwa. Hakuna hata mmoja wetu anayekwenda dukani Agosti. Agosti tuna fedha za mahindi, tunanunua bati, tunaoa, tunasomesha, yote mazuri. Trekta limeegeshwa chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye kiti. Novemba mwishoni wingu likionekana, ndipo wilaya nzima inakumbuka filta kwa siku moja. Hapo hata ningekuwa mimi mwenye duka ningepandisha.

Na hapa petu tungepaswa kulijua hilo kuliko watu wote. Wazee mlioko mbele mnakumbuka habari za karanga mlizosimuliwa na baba zenu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta hapa Kongwa matrekta, mengi yakiwa masalia ya vita yaliyonunuliwa huko Ufilipino, yamekaa kwenye unyevu wa bahari. Hayakutosha, wakachukua hata vifaru vya Sherman wakavigeuza kuwa matrekta, wakaviita Shervick. Mashine za kila aina, zilizokwishachoka kabla hazijafika, na karakana ya kuzitengeneza ikajengwa wakati zenyewe zimeshaanza kufa. Yapo mengine, mvua hazikuja na udongo wetu ukikauka mnaujua ni zege. Mwaka 1951 wakaachana nayo. Paundi milioni nyingi sana. Ile ilikuwa serikali yenye meli na reli, na bado ilikuja kuanza kazi kwanza na kutafuta spea baadaye. Wewe na mimi na trekta moja tunategemea nini?

Kuna swali nimeulizwa pale mlangoni: je, ni kweli hata Wamarekani wanalalamika? Ni kweli. Kule ugomvi wao mkubwa umehamia kwenye kompyuta, trekta linagoma na fundi wa kijijini hawezi kulifungua bila programu ya kampuni. Januari 2025 tume yao ya serikali, FTC, iliishtaki John Deere kwa jambo hilo. Sisi yetu mengi bado ni ya spana namba 19 na akili. Lakini mpya zinakuja, kwa hiyo ukinunua jipya muulize muuzaji kabla hujaweka sahihi: kifaa cha kusoma hitilafu anacho nani, na yuko kilomita ngapi kutoka hapa? Na likiwa bado kwenye garantii, sevisi za mwanzo fanya kwa wakala huyo huyo, stakabadhi weka kwenye bahasha. Hapo usinifuate mimi na bei zangu za Gerezani, utanilaumu.

Kuna vitu vingine ambavyo hata garantii ikiisha mimi mwenyewe nafunga macho na kulipa. Spea za pampu ya dizeli, zile CAV za kuzunguka, na isetiwe kwenye mashine ya kupimia, si kwa sikio la fundi hata awe mimi. Beringi za krenki na za konrodi. Gasketi ya kichwa. Sehemu za usukani na breki, maana trekta na tela la magunia 60 likishuka mteremko halijui kama ulipata punguzo. Mbaya zaidi ni kuweka beringi ya krenki ya bei rahisi kuokoa elfu arobaini ndani ya injini ambayo kuifungua tena ni milioni.

La mwisho ni la pipa. Mmejiandikisha hapa matrekta 14. Nimeyapitia majina, 11 ni ya silinda tatu, yanabeba oili ya injini kama lita 7, matatu yanazidi kidogo. Sema lita 100 hivi kwa sevisi moja ya wote. Sevisi mbili kwa mwaka, lita 200. Pipa moja ni lita 208. Yaani Mungu kalipima pipa kwa ajili yenu. CH-4 15W-40 inafaa yote 14, nimeangalia vitabu, viwili sikuvipata nikaangalia injini. Lita moja kwenye pipa inashuka bei kuliko kwenye galoni, hilo nendeni mkaulize wenyewe kwa wauzaji watatu kabla ya kuniamini. Pipa lenyewe mlilaze chini ya paa, vile vizibo viwili viwe usawa mmoja, kimoja kushoto kimoja kulia. Ukilisimamisha nje, mvua inakaa juu, usiku pipa likipoa linavuta maji kupitia kizibo. Nimeona pipa zima limekuwa uji wa maziwa. Na ufunguo wa pampu akae nao mama mmoja, msinibishie, tumeona vyama vingapi hapa.

Nimeleta vitabu vya namba za filta, na kaliba mbili. Mkurugenzi hayupo, kwa hiyo hakuna wa kufunga mkutano. Aliyekuja na beringi au sili mfukoni aje hapa mezani tuisome pamoja, na aandike kwenye daftari lake, si kwenye mkono. Ile Massey 290 iliyoegeshwa hapo nje inavuja kwenye ekseli ya kulia, nimeiona tangu naingia, na mwenye nayo anajifanya hanioni. Tutaanza na hiyo. Leteni jeki.